Kuitayarisha nyumba na gari kwa masika na kipupwe

Wakati wa kuitayarisha nyumba kwa masika ni ule ambao hakuna anayeiwaza mvua, yaani Januari na Februari, kaskazi inapovuma, vumbi limetanda na bati la paa linaunguza kiganja. Kwa kawaida masika hapa Unguja na Pemba huanza mwezi wa Machi, hufikia kilele Aprili na kuendelea hadi Mei, kisha huingia kipupwe, tangu Juni hadi Agosti, upepo wa kusi ukiwa mkali na usiku ukiwa na ubaridi wake. Anayengoja wingu la kwanza huwakuta mafundi wameshachukuliwa na wengine, na mwenye duka la vifaa vya ujenzi haoni sababu ya kumpunguzia bei. Kwa miaka hii tuliyonayo kuna jambo jengine la kuzingatia: Ramadhani inaangukia Februari na Machi, na fundi aliyefunga hapandi paa saa saba ya mchana. Kazi za juu ya nyumba ni vyema zimalizike kabla ya mwezi kuandama.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa utabiri wa masika kabla ya msimu kuanza. Usome, na uangalie visiwa vyetu vimetajwaje, kwa sababu Pemba hupata mvua nyingi zaidi kuliko Unguja. Hata hivyo utabiri wa mvua chache usikufanye uache kazi, kwani mvua moja ya saa mbili inatosha kuingiza maji ndani ya nyumba, hata katika msimu ulioitwa wa ukame.

Ninachoshauri ni kuyafuata maji yanavyoteremka: kwanza paa, kisha kuta, mchirizi, uwanja, mtaro na karo, yaani shimo la maji machafu ya choo, ndipo uingie ndani ya nyumba na baadaye uende kwenye gari. Nimewaona watu wakipaka rangi ukumbi mwezi wa Februari huku paa lililo juu yake linavuja, na ifikapo Mei rangi ile imefura kama mkate wa kumimina.

Paa na kuta

Paa la bati halikaguliwi kwa kulitazama kutoka chini. Ingia juu ya dari wakati wa adhuhuri, funga kijilango nyuma yako, zima tochi na utulie kwa dakika chache hadi macho yazoee giza. Kila tundu litaonekana kama nyota, na kila nyota itilie alama ya chaki kwenye papi iliyo karibu nayo. Nyingi utazikuta penye misumari: raba iliyo chini ya kofia ya msumari hukauka kwa jua, hupasuka, na maji hupenya pembezoni mwa msumari bila ya kuacha dalili yoyote juu ya bati. Msumari wa namna hiyo hung'olewa na mahali pake hupigwa mwengine mnene zaidi wenye raba mpya. Kuugonga nyundo ili uzame hakusaidii, kwa sababu bati hubonyea na kufanya kishimo kinachokusanya maji palepale penye tundu. Na msumari uliopigwa kwenye bonde la bati badala ya mgongo wake utavuja tu, hata ukipakwa lami kila mwaka, maana bonde ndiyo njia ya maji yote.

Tazama pia mabati yanavyopandana ubavuni. Mvua ya masika huja na upepo wa kusi, kwa hiyo ukingo wa bati lililo juu unatakiwa uelekee upande usiokabiliana na upepo huo. Ukielekea kusi, mvua ya kusukumwa huingia katikati ya mabati mawili hata kama hakuna tundu hata moja. Kosa hili halirekebishwi kwa gundi, na kama unakusudia kuezeka upya, mwambie fundi kabla hajapiga msumari wa kwanza. Walioko pwani ya mashariki, kama Paje, Jambiani na Makunduchi, wanajua jinsi chumvi inavyolila bati. Kwao ni heri kutoa fedha zaidi kwa bati nene, na wakumbuke kwamba kwenye mabati namba ya geji ikipungua ndipo unene unapozidi, yaani geji 28 ni nene kuliko geji 30.

Paa la makuti linataka mteremko mkali, usiopungua kiasi cha nyuzi 45, ili maji yateremke kabla hayajapata nafasi ya kupenya. Ukaguzi wake ni uleule wa mwanga wa adhuhuri. Mara nyingi haihitajiki kuezua paa zima, bali kuchomekea makuti mapya mahali palipoliwa na kuushughulikia mgongo wa paa, ambao ndio unaoanza kuchoka.

Nyumba za Mji Mkongwe zina mashaka yake peke yake. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa udongo na chokaa, na kuta hizi huvuta unyevu na kuutoa. Chokaa huupa unyevu njia ya kutokea, ilhali saruji huufungia ndani. Nilijifunza hili kwa gharama. Ukuta wa nyuma wa nyumba ya mama mkwe wangu ulikuwa unamomonyoka, nasi tukamwita fundi aliyeupaka saruji nzuri, laini, ya kupendeza. Masika yaliyofuata saruji ile ilisimama imara kama kigae, lakini ukiigonga kwa kifundo cha kidole ilitoa mlio wa kitu kitupu, na mwezi wa Juni ikaanguka kwa vipande vikubwa ikiwa imebeba tabaka la mawe mgongoni. Ukarabati wa kuta hizo ufanywe kwa chokaa na mchanga, kwa kiasi cha sehemu 1 ya chokaa kwa sehemu 3 za mchanga, na uanze mapema, kwa sababu chokaa hukamata polepole kwa muda wa wiki nyingi na inahitaji kunyunyiziwa maji ili jua la kaskazi lisiikaushe kwa haraka ikapasuka. Kabla ya kugusa ukuta wa nje au boriti za sakafu, nenda kwanza Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe kuomba kibali. Paa la nyumba hizo halina mjadala: likivuja, boriti za mikoko zinaozea ndani ya ukuta, mahali ambapo jicho halifiki.

Uwanja, mtaro na karo

Mchirizi wa paa, au gata kama wengi wanavyouita siku hizi, usafishwe mara mbili: mwisho wa Februari, na tena baada ya mvua ya kwanza, ambayo huteremsha majani na vumbi la kaskazi lote kwa pamoja. Mwenye tangi asiyaache maji haya yapotee. Kila milimita 1 ya mvua inayoangukia mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1, kwa hiyo paa la mita za mraba 80 likipata mvua ya milimita 20 hukusanya kiasi cha lita 1,600, na hata ukitoa yale yanayorukia nje, tangi la lita 1,000 litajaa kwa mvua moja. Maji ya mvua ya mwanzo yamwagwe. Huenda mtu akauliza kwa nini ahifadhi maji wakati wa mvua, na jibu ni kwamba maji yetu ya bomba hupampiwa kutoka visimani kwa umeme, na umeme ukikatika kwa siku mbili bomba nalo hukauka, hata kama nje kumefurika.

Mtaro wa mbele ya nyumba uzibuliwe hadi ule wa jirani, na jirani naye ahimizwe, kwa sababu taka zilizoziba mlangoni kwake ndizo zitakazoyarudisha maji uwani kwako. Mchanga unaotolewa mtaroni usirundikwe ukingoni, kwani mvua ya kwanza itaurejesha. Wakaao sehemu za chini za mjini wanafaa pia kuitazama kalenda ya mwezi. Mitaro mingi ya mji humwaga baharini, na wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, bahari ikijaa maji ya mtaro hayana pa kwenda. Mvua kubwa ikikutana na maji kujaa ya bamvua, nyanyua vitu kutoka sakafuni mapema bila ya kungoja kuona.

Karo livutwe kabla ya Machi. Karo lililojaa nusu wakati wa kaskazi hujaa kabisa katika wiki moja ya Aprili, maana maji ya ardhini hupanda na kuingia, na kitakachofuata ni choo kukataa kushuka. Mfuniko wake uwe mzima na uwe juu ya usawa wa uwanja. Mwenye kisima ahakikishe kwamba kiko mbali na karo, angalau mita 30, na kwamba ukingo wake umenyanyuliwa maji ya njiani yasiingie. Wakati wa masika maji ya kisima yachemshwe hata kama mwaka mzima yamekunywewa bila ya madhara. Yakishatokota kwa dakika 1 yanatosha. Kipindupindu kilichotuandama kuanzia 2015 hadi 2016 hakijasahauliwa na waliouguza.

Miti iliyo karibu na nyumba ipunguzwe matawi wakati wa kaskazi. Mwite mkwezi aangushe makuti makavu na nazi zilizokomaa, hasa kwenye mnazi unaoelekea paa au mahali gari linapolala. Upepo wa kuangusha miti si wa kila mwaka kwetu, lakini upo: kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya Unguja, na tangu hapo karafuu ikawa zaidi ni ya Pemba.

Ndani ya nyumba

Umeme uangaliwe na fundi anayejua, na jambo la kwanza la kumuuliza ni kama waya wa ardhini unafanya kazi. Nondo yake huliwa na kutu ardhini bila ya mtu kujua. Mahali ambapo bati linavujia dari ndipo nyaya zinapopita, kwa hiyo doa la maji karibu na taa halitibiwi kwa rangi. Soketi zilizo chini sana katika vyumba vinavyoingia maji ziinuliwe. Gharama yake ni ndogo. Maji yakishaingia ndani, swichi kuu izimwe na mtu aliyesimama pakavu, na kama pakavu hapafikiki, iachwe na shirika la umeme liitwe. Umeme unapokatika, chomoa friji na televisheni, kwa kuwa unaporudi huwa na kishindo kinachounguza vifaa. Mita ya umeme itiwe yuniti za akiba, na kuwe na kandili, mafuta yake, tochi na betri mahali panapojulikana hata gizani. Waliokuwapo Unguja baina ya Disemba 2009 na Machi 2010, miezi mitatu bila ya umeme baada ya hitilafu ya njia ya umeme kutoka bara, hawahitaji kukumbushwa.

Mkaa ununuliwe polo zima mwezi wa Februari na uwekwe juu ya mbao, si juu ya sakafu. Mkaa wa Aprili mara nyingi ni mzito kwa maji, nawe hulipa bei ya maji hayo kisha ukapuliza moshi asubuhi nzima. Anayetumia gesi awe na mtungi wa pili. Mchele na unga viingie kwenye ndoo zenye mfuniko wa kubana, kwa sababu fukusi hupenda unyevu kama sisi tunavyouchukia. Dagaa na ng'onda wa mwaka ni wale waliokaushwa kwa jua la kaskazi. Anayewanunua katikati ya mvua awanuse kwanza.

Nguo zisizovaliwa kila siku zifuliwe, zikaushwe kabisa na kupigwa pasi kabla ya kufungiwa. Nguo iliyofungiwa na unyevu kidogo tu hutoka mwezi wa Juni ina madoa meusi ya kuvu yasiyotoka hata kwa jiki. Makabati yaachiwe nafasi ya kiganja kimoja kutoka ukutani. Kufukiza udi ni jambo jema na nyumba hunukia, lakini udi haukaushi unyevu. Kwa hilo ni madirisha kufunguliwa kila jua linapochomoza, japo kwa saa moja. Vyeti, hati ya nyumba na pasipoti viwekwe ndani ya mfuko wa plastiki, juu ya kabati, vyote pamoja.

Vifuu, makopo na tairi kuukuu zilizotupwa nyuma ya nyumba ziondolewe, kwa sababu ndimo mbu wanamozaa. Chandarua kishonwe matundu.

Gari

Magari yetu mengi yametumika Japani kabla ya kufika bandarini, na kuna kitu ambacho wanunuzi wengi hawakijui: baadhi yao huja yakiwa yamevaa tairi za theluji. Tazama ubavuni mwa tairi; ukiona neno STUDLESS au picha ya kitone cha theluji ndani ya mlima, tairi hiyo imetengenezwa kwa mpira laini wa kushika barabara kwenye baridi kali, chini ya kiasi cha nyuzi 7 za joto. Kwenye lami ya Bububu mpira huo hulegea, huisha upesi, na breki zikifungwa kwenye maji gari huteleza zaidi kuliko unavyotarajia. Watu hudanganyika kwa kuwa mifereji yake ni mirefu na tairi linaonekana jipya.

Umri wa tairi nao husomwa palepale. Tafuta herufi DOT, ufuate hadi tarakimu 4 za mwisho: 2319 maana yake tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya mtumba yenye miaka kumi hupasuka hata kama haijawa kipara. Kupima kina cha mifereji, chomeka njiti ya kiberiti, itie alama kwa ukucha na uipime kwa rula, milimita 1.6 ndio mwisho wa matumizi, lakini kwa mvua za masika mimi huibadilisha ikifika milimita 3, kwa sababu tairi isiyo na mahali pa kuyapitisha maji huelea juu yake. Wenzetu wa Pemba, wenye vilima na njia za udongo mwekundu, wana haki ya kuwa wakali zaidi katika hili.

Kisha fungua boneti. Chini ya kioo cha mbele, pale waipa zinapoanzia, kuna mfereji wenye wavu, na gari linalolala chini ya mwembe huujaza majani. Majani yakioza huziba tundu za kutolea maji, na maji ya mvua hupata njia ya kuingia ndani ya gari. Ukikuta zulia la upande wa abiria limelowa ilhali vioo vilifungwa, anzia hapo. Toa majani kwa mkono, mwaga ndoo ya maji na uyatazame yanatokea wapi. Tundu ndogo zilizo chini ya milango nazo zichokolewe kwa kijiti, maana mlango unaohifadhi maji huoza kutoka ndani.

Waipa zibadilishwe kila mwaka kabla ya Machi, kwa kuwa jua ndilo linaloziua, si mvua. Betri ipimwe: gari likiwa limezimwa tangu usiku, betri nzima husoma kiasi cha volti 12.6, na injini ikiwaka baina ya 13.8 na 14.4. Taa zote ziwake, pamoja na za breki. Kioo kikifunga ukungu ndani, usikifute kwa kitambaa huku unaendesha. Washa kiyoyozi, elekeza hewa kwenye kioo na uchague hewa ya kutoka nje, nacho kitasafika kwa muda mfupi.

Sasa nije kwenye maji ya njiani, ambako magari mengi hufia. Masika moja nilipita Mwanakwerekwe nikiifuata daladala iliyokuwa mbele yangu, nikisema nafsini kwamba ikipita nami nitapita. Daladala ilipita, wimbi iliyoliacha likanipanda hadi juu ya boneti, na gari likazimika. Nikapiga stata mara moja, mara mbili, na mara ya tatu ukasikika mlio kama mchi ukigonga ukingo wa kinu. Maji yalikuwa yameingia kupitia njia ya hewa hadi ndani ya silinda, na kwa kuwa maji hayabanwi kama hewa, konrodi ilipinda. Fundi aliniambia kwamba lau ningeliliacha likavutwa, pengine ningelipa gharama ya oili na plagi tu. Kwa hivyo gari likizimika ndani ya maji, usiliwashe tena kabisa.

Kabla ya kuingia, simama uwatazame watembea kwa miguu: maji yakiwafika magotini, gari dogo halina kazi hapo, na maji yanayokwenda kwa kasi yakiwa na kina cha sentimita 30 tu yanaweza kulielesha na kulibeba. Ukiamua kupita, ngoja gari la mbele limalize, tumia gia ndogo, nenda polepole bila ya kusimama, na ukitoka ukanyage breki kidogokidogo hadi zishike. Ukipita kwenye maji ya bahari yaliyopanda barabarani wakati wa bamvua, osha chini ya gari kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo. Isome na bima yako: bima ndogo hulipa madhara uliyomfanyia mwengine, haikulipi wewe, na hata mwenye bima kubwa aulize kama mafuriko yamo.

Kipupwe kikifika

Juni mvua hukatika, ingawa mchoo, yaani mvua nyepesi za kipupwe, huweza kurudi kidogo Julai au Agosti, na joto la usiku hushuka hadi kiasi cha nyuzi 22. Wazee na watoto wachanga wapate blanketi, kwa sababu kusi hupenya madirishani. Kusi hiyohiyo ndiyo itakayoikausha nyumba: toa magodoro, fungua makasha, sogeza makabati, na usipake rangi ukuta wowote hadi ukauke kwa wiki kadhaa. Bahari huchafuka, samaki huadimika, na ng'onda wa Februari hupata kazi yake.

Gari linyanyuliwe na lioshwe chini, na penye kutu pasuguliwe na kupakwa rangi ya kuzuia kutu kabla haijazama. Halafu chukua karatasi, zunguka nyumba nzima ukiandika kila doa la dari, kila ukuta uliofura na kila mahali maji yaliposimama uwani, huku alama zingali mbichi. Karatasi hiyo ibandike nyuma ya mlango wa stoo, kwa kuwa ndiyo atakayopewa fundi mwezi wa Januari.